Mwenye Kosa si Mchezaji

Hukumu ikirudiwa mara nyingi bila ya kupingwa hufanana na kweli. Hukumu moja ya namna hiyo ni ile wanayopewa wachezaji wa michezo ya video. Husemwa kwamba hununua mchezo, wakauanza kwa shauku, wakaucheza siku kumi au ishirini, kisha wakauacha njiani wasiuone mwisho wake. Kwa sababu hiyo huitwa wavivu. Huitwa watu wa kizazi kisicho na subira. Huitwa watoto waliolishwa vitu vingi hata wakapoteza ladha ya kimoja. Wazee huyasema hayo, walimu huyakariri, na jambo la ajabu ni kwamba wachezaji wenyewe huyakubali. Mtu aliyeuacha mchezo husimulia habari zake kwa haya, kama mdeni aliyekutana na mdai wake sokoni.

Nakusudia kuipinga hukumu hiyo. Sisemi kwamba hapana mchezaji mvivu, maana uvivu haukosi wenyewe katika jambo lolote la wanadamu. Nasema kwamba uvivu hautoshi kueleza jambo kubwa kiasi hiki, na kwamba mshitakiwa wa kweli bado hajaitwa barazani. Mchezaji aghalabu hauachi mchezo ila baada ya mchezo wenyewe kuiacha hadithi yake. Yeye ni wa pili kuondoka. Wa kwanza ni mtungaji.

Kwanza tuupime ukubwa wa jambo. Zamani ilikuwa vigumu kujua ni wangapi waliomaliza, kwa kuwa kila mtu alicheza nyumbani kwake, na shahidi wake alikuwa ukuta. Mwaka 2005 kampuni ya Microsoft ilitoa mashine yake ya Xbox 360 pamoja na desturi ya kumpa mchezaji nishani kwa kila jambo alilolitimiza. Steam ikafuata mwaka 2007, na PlayStation ikaleta vikombe vyake mwaka 2008. Nishani hizi zilikusudiwa kumtia mchezaji hamasa, lakini zimekuwa daftari la hesabu. Leo mtu aweza kutazama ni sehemu gani ya wachezaji waliopata nishani ya kuumaliza mchezo. Katika michezo mingi mirefu, hata ile iliyosifiwa kila upande, hawafiki nusu. Zaidi ya nusu ya wanafunzi wakishindwa katika mtihani mmoja, mwalimu mwenye busara huuchunguza mtihani kabla ya kushika fimbo. Kwa nini busara hiyo itukimbie tunapowahukumu wachezaji?

Michezo ya kwanza haikuwa na mwisho, wala haikuficha jambo hilo. Space Invaders ya mwaka 1978 na Pac-Man ya mwaka 1980, zote za Japani, zilichezwa kwa sarafu katika mashine zilizowekwa mahali pa watu wengi. Mchezaji alitia sarafu, akacheza mpaka akashindwa, akaenda zake; hapana aliyemwita mtoro. Pac-Man ikifika hatua ya 256 hesabu ya mashine huvurugika, na nusu ya uwanja hujaa herufi zisizo na maana. Mwishoni mwa mwaka 2023 kijana wa Marekani mwenye miaka 13 aliifikisha Tetris ya mashine ya Nintendo mahali ambapo programu yenyewe iliganda. Hapo mchezo ndio uliomwacha mchezaji, naye akapongezwa.

Michezo ya nyumbani ilileta mapatano mengine. Super Mario Bros. ya mwaka 1985 ina dunia 8 zenye hatua 4 kila moja, yaani hatua 32 kwa jumla. Tena watungaji wake waliweka njia za siri za kuruka dunia nzima nzima kwa wenye haraka. Kwao mwisho ulikuwa haki ya mchezaji, si rehani mkononi mwa muuzaji.

Basi ugonjwa uliingia kwa njia gani? Uliingia wakati saa zilipofanywa kipimo cha thamani, na mchezo ukauzwa kama nguo iuzwavyo kwa yadi. Mwezi wa Januari mwaka 2022 kampuni ya Techland ya Polandi ilitangaza kwa fahari kwamba kuumaliza kabisa mchezo wake wa Dying Light 2 kungehitaji saa 500, ikazilinganisha na safari ya miguu kutoka Warsaw hata Madrid. Ilitazamia shangwe, ilipata manung'uniko mengi. Ikalazimika kueleza kwamba hadithi yenyewe ni ya saa kama 20 tu, na kwamba hesabu ile kubwa ilikuwa ya mtu atakaye kufanya kila kitu. Maelezo hayo yalikuwa ya kweli, lakini tangazo la kwanza lilikwisha kufichua imani ya wafanya biashara hii. Mtu apataye saa moja ya nafasi kila usiku baada ya kazi angehitaji usiku 500, zaidi ya mwaka mmoja na miezi minne, ili aimalize safari hiyo. Na kati ya saa 20 na saa 500 mna nini?

Mna ramani iliyotapakaa alama kama upele. Mna manyoya ya kuokota, masanduku ya kufungua, minara ya kupanda, na kambi za maadui ambazo ukiisha kuiteka moja umeziteka zote, kwa sababu zote ni moja. Kazi hizo zingekuwa na kosa dogo kama zingechosha mikono tu. Kosa lake kubwa ni kwamba huiua hadithi.

Tazama mchezo wa Fallout 4, uliotoka mwaka 2015. Mzazi anamwona mwenzi wake akiuawa na mtoto wao mchanga akiibwa. Ni mwanzo wa msiba, na hapana aliyezaa au aliyezaliwa asiyeuelewa. Mzazi huyo anatoka kumtafuta mwanawe. Haupiti muda anaombwa awajengee wageni vitanda, awapandie mazao, awawekee bomba za maji. Na akiisha kukisaidia kijiji kimoja, anaelekezwa kingine chenye shida. Wako walioupenda ujenzi huo, nao wana haki ya kuupenda. Lakini mtoto aliyeibwa hufanya nini wakati huo? Husubiri. Hakui, haugui, hasogezwi mbali zaidi. Hupotea kwa amani mpaka mzazi atakapopata nafasi. Hata mchezo wa The Witcher 3, wa mwaka huo huo, ambao kazi zake nyingi za pembeni zimetungwa kwa ustadi, haukuliepuka kosa hili: Geralt humtafuta binti aliyemlea, naye binti anawindwa, walakini aweza kukaa siku nyingi akicheza karata na wenye vilabu vya pombe.

Mchezaji hujifunza upesi. Akionyeshwa kwamba la haraka si la haraka, huacha kuharakisha. Akiacha kuharakisha, huacha kujali. Na asiyejali hawezi kuitwa mtoro, maana hapana vita alivyovikimbia. Usiku mmoja huizima mashine kama kawaida, na kesho yake hana sababu ya kuiwasha. Hivyo ndivyo michezo mingi inavyoachwa. Haiachwi kwa hasira wala kwa kushindwa. Huachwa kwa kusahauliwa.

Watengenezaji wanajua. Mwaka 2017 mchezo wa Middle-earth: Shadow of War ulitoka ukiwa na sehemu ya mwisho iliyomtaka mchezaji azilinde ngome zake mara baada ya mara ili auone mwisho kamili, na papo hapo palikuwa na duka la kununua askari kwa fedha halisi. Watu walilalamika, na mwaka 2018 watengenezaji wenyewe waliliondoa duka na kuifupisha sehemu ile. Kama urefu ule ulikuwa na maana, mbona ulikatwa bila ya hadithi kupungukiwa na kitu? Mwaka huo wa 2018 mchezo wa Assassin's Creed Odyssey uliuza, kwa bei ya ziada, kitu cha kumkuza shujaa upesi zaidi. Tafakari biashara hiyo, msomaji: mtu hununua mchezo, kisha hununua ruhusa ya kuucheza kidogo. Muuza mchele huyu alitia mchanga katika pishi, halafu akauza ungo.

Najua nitajibiwa. Wa kwanza atasema kwamba watu hukimbia ugumu. Wako wanaoukimbia, lakini Dark Souls ya mwaka 2011 na Elden Ring ya mwaka 2022 ni michezo maarufu kwa ugumu wake, na mashabiki wake ni wengi mno. Mlima na foleni vyote huchosha miguu. Mlima una kilele, na kila hatua ya mlimani hubadili kitu machoni. Na hata ugumu waweza kukabidhiwa mchezaji mwenyewe, kama watungaji wa Celeste walivyofanya mwaka 2018 walipomruhusu aupunguze kwa kadiri ya uwezo wake.

Wa pili atasema kwamba michezo imekuwa mingi na rahisi. Hili nalikubali kwa sehemu. Tangu mwaka 2017 Game Pass ya Microsoft humpa mtu zaidi ya michezo mia kwa ada ya mwezi, na kitu kisichogharimu kukishika hakigharimu kukiacha. Lakini maktaba zilijaa vitabu vya bure kabla ya hapo, na wingi wa rafu haukumzuia msomaji kukesha na kitabu kizuri. Wingi humpa mtu mlango wa kutokea. Haumpi sababu ya kutoka.

Wa tatu ndiye ninayemheshimu zaidi. Atasema: wewe unamsemea mtu mwenye fedha na asiye na wakati, je, kijana aliyeweka akiba miezi sita ili anunue mchezo mmoja? Yeye anautaka mrefu, kwa kuwa hana mwingine. Swali hili ni la haki, nami sitalikwepa. Kijana huyo hakosei kutaka kingi kwa fedha yake. Lakini ndiye anayedhulumiwa zaidi kuliko wote. Tajiri akikuta mchanga katika wali husukuma sahani, akaagiza nyingine. Maskini huendelea kutafuna. Sipingi mchezo mrefu wenye mambo marefu. Napinga mchezo mfupi ulionyoshwa kwa nguvu, kama ngozi ya ngoma, mpaka ukapasuka kabla ya kupigwa.

Kwamba ufupi hauondoi utukufu, ushahidi upo. Portal ya mwaka 2007 humalizika kwa saa chache, nayo hutajwa hata leo miongoni mwa michezo bora iliyotungwa. Journey ya mwaka 2012 humalizika kwa kama saa mbili, jioni moja tu, na wengi walioimaliza waliianza upya. Michezo hiyo haikumwomba mchezaji avumilie. Ilisema neno lake ikanyamaza.

Nyuma ya shauri hili liko jambo kubwa kuliko biashara. Mwanahistoria wa Uholanzi, Johan Huizinga, katika kitabu chake Homo Ludens cha mwaka 1938, alifundisha kwamba sifa ya kwanza ya mchezo ni uhuru: mchezo ufanywao kwa amri umekwisha kuwa kitu kingine. Wachezaji wa bao wa pwani yetu hawakuhitaji kitabu ili kulijua hilo. Bao lina mashimo 32 na kete 64, na shindano lina mwisho: mmoja akikosa mchezo, limekwisha. Wakitaka, huanza jingine, wasipotaka, huagana. Hapana mtu aliyepata kuongeza mashimo barazani ili wateja wa kahawa wakae zaidi. Lakini mchezaji wa leo amefundishwa kuutazama mchezo wake kama deni: amelipa, kwa hiyo ni lazima amalize, ametumia saa 40, kwa hiyo ni lazima atumie nyingine 40. Fedha iliyokwenda hairudi kwa kuongezewa wakati utakaokwenda pia. Mwenye kujilazimisha kumaliza asichokipenda amepoteza mara mbili, na ameigeuza starehe yake kuwa ajira isiyo na mshahara.

Wala hasara si ya mchezaji peke yake. Ukubwa wa michezo hii hutolewa katika miili ya watu. Mwaka 2018, kabla ya kutoka kwa Red Dead Redemption 2, mmoja wa wakuu wa Rockstar alitaja majuma ya kazi ya saa 100. Baadaye akaeleza kwamba alikusudia waandishi wakuu wachache, wala si kwa muda mrefu. Hata tukimkubalia, ni huzuni gani kumtaka fundi akeshe juu ya mwisho ambao wengi wa wanunuzi hawataufikia! Anayerefusha njia bila ya sababu humwibia msafiri, na humwibia pia aliyeijenga nyumba iliyo mwisho wa njia.

Kwa watungaji, basi, ombi langu ni moja: mkiisha kusema mtoto ameibwa, tupeni ruhusa ya kukimbia. Kwa wachezaji sina ombi, ila kuwarudishia heshima yao. Na kwa wenye kuwahukumu nina shauri. Siku mtakapomsikia kijana akikiri kwa haya kwamba hakuumaliza mchezo fulani, msimwulize kwa nini aliacha. Mwulizeni aliachia wapi. Nendeni hapo mkatazame, nami nadhani mtakuta kwamba hadithi ilikwisha kuondoka kabla yake.