Mwalimu wa chuo kikuu aanze na silabusi yake

GOMA – Katika vyuo vikuu vya mashariki mwa Kongo, wakubwa wa masomo wana wimbo mmoja: mwanafunzi awekwe katikati. Maprofesa, wakuu wa kazi na wasaidizi wanaitwa katika mafunzo, wanapewa daftari na kalamu, wanakaa siku mbili au tatu wakielezwa kwamba wakati wa mwalimu kusema peke yake umepita. Wimbo wenyewe hauna ubaya. Ubaya ni ile Jumatatu inayofuata.

Jumatatu mwalimu anarudi ukumbini, anafungua makaratasi yake, anasoma. Wanafunzi wamebanana kwenye viti, wengine wamesimama kando ya dirisha, wote wanaandika anachotamka, nukta na koma. Asiyetaka kuandika anunue silabusi. Na silabusi katika vyuo vya Kongo si mpango wa somo, ni kitabu cha fotokopi ambacho mwalimu anakiuza, na jina la aliyenunua linaingia kwenye orodha. Wizara imekataza biashara hiyo, lakini mwanafunzi anaijua orodha kuliko anavyolijua tangazo la wizara. Mwalimu anayetoka katika mafunzo na cheti mkononi, kisha akaomba orodha ya walionunua, amejifunza nini?

Mageuzi haya si ya jana. Sheria ya elimu ya tarehe 11 Februari 2014 iliweka mfumo wa LMD. Wazazi wengi wameshika hesabu ya miaka tu: zamani gradua na lisansi zilichukua miaka 5, sasa lisansi ni miaka 3. Kumbe kiini cha mfumo kiko pengine. Mwanafunzi anatakiwa krediti 60 kwa mwaka, 180 hadi lisansi, na krediti haipimwi kwa saa za mwalimu kusema peke yake. Inahesabu pia kazi ya mwanafunzi mwenyewe: kusoma, kutafuta, kuandika, kujadiliana na wenzake.

Kazi hiyo inataka maktaba, moto wa umeme, intaneti na mahali pa kukaa. Mwanafunzi ambaye jamaa yake ilikimbia Masisi au Rutshuru hana hata kimoja. Kambi za kandokando ya Goma zilivunjwa mwanzoni mwa 2025. Kuna waliorudi kijijini na kukuta shamba limekuwa pori, kuna waliobaki mjini kwa ndugu, watu kumi katika vyumba viwili. Kijana wa nyumba kama hiyo anaambiwa atume kazi yake kwa intaneti kabla ya saa sita usiku. Kwake “kazi ya binafsi” imekuwa jina jipya la Artikle 15: jipange.

Hata hivyo kijana huyo haingii ukumbini mikono mitupu. Ana ujuzi ambao mwalimu wake angepaswa kuutafuta kwa tochi. Tuseme somo ni la gesi na ardhi ya volkano. Silabusi inaeleza kwamba gesi kaboniki ni nzito kuliko hewa, hukaa mabondeni. Mwanafunzi anakariri, anarudisha kwenye mtihani, anasahau. Lakini aliyeishi kambini upande wa Bulengo anaijua gesi hiyo kwa jina lake, mazuku. Anajua kwamba mbuzi akishuka kwenye shimo alfajiri, kabla upepo haujavuma, harudi. Neno hilo wanasayansi wa nchi za mbali wamelichukua kwa wakaaji wa hapa, wakaliweka katika maandishi yao kama lilivyo. Na katika ukumbi wa Goma, mtoto wa Bulengo anaambiwa anyamaze, aandike!

Ni vilevile kwa sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973, inayosema udongo ni mali ya serikali peke yake. Wanafunzi wa sheria wanaandikishwa vifungu vyake. Nyuma yao amekaa mtu ambaye shamba la babake linalimwa sasa na mwingine, na hakuna anayemuuliza kitu.

Katika mafunzo ya namna hii jina la Mbrazili Paulo Freire halikosekani. Mtu huyo alianza kwa kuwafundisha wakulima kusoma kwa maneno ya maisha yao wenyewe. Baada ya mapinduzi ya kijeshi ya 1964 alikimbia nchi yake, na kitabu chake kikubwa alikiandika akiwa mkimbizi nchini Chile. Jina lake linafika hadi hoteli ya semina. Wakimbizi wanabaki nje ya geti.

Walimu nao wana la kujitetea, na si uongo. Kumbi zimejaa kupita kiasi, mshahara hautoshi, na Januari 2025 benki za Goma zilifungwa. Profesa mgeni anamaliza saa 45 kwa juma moja kwa sababu mji mwingine unamngoja. Mwenye njaa hawezi kuombwa miujiza. Lakini kumpa kiongozi wa darasa silabusi bure, wanafunzi waigawane kwenye simu, ni muujiza gani? Kuuliza swali moja la mtihani linalomtaka mtu atumie alichosoma badala ya kukirudisha kama kasuku, kunahitaji bajeti ya nani? Na kumruhusu mwanafunzi ajieleze kwanza kwa Kiswahili, lugha ya taifa kwa mujibu wa katiba ya 2006, kisha aandike kwa Kifaransa?

Wanaopanga mafunzo yajayo waache hoteli. Waende ukumbini siku ya somo, mwalimu afundishe mbele yao na mbele ya wanafunzi mia tatu, na wanafunzi waseme walichokielewa, waliohama makwao wakiwa wa kwanza. Wasaidizi, ambao ndio wanaosahihisha makaratasi, wasiachwe mlangoni. Na cheti kisubiri. Maswali ya mtihani wa mwaka uliopita yawekwe mezani pamoja na ya mwaka huu. Yakiwa yaleyale, mwalimu arudi nyumbani bila cheti, na perdiemu yake inunue karatasi za fotokopi kwa wale ambao majina yao hayako kwenye orodha.