Hakuna Aliyejifunza Kilingala kwa Mario

Imani kwamba Kifaransa huingia chenyewe kichwani mwa anayesikiliza nyimbo za Kifaransa imeenea mno miongoni mwa wanaoanza kujifunza lugha hiyo bila mwalimu. Ushauri hutolewa kwa wepesi: jaza nyimbo kwenye simu, sikiliza ukiwa kwenye daladala, sikiliza ukiosha vyombo, sikiliza hata ukisinzia. Baada ya miezi kadhaa, huambiwa mtu, masikio yatazoea na maneno yatakuja, kama yalivyomjia alipokuwa mtoto. Ushauri huu unapendwa kwa kuwa haumdai mtu chochote. Pia si wa kweli, na Afrika Mashariki ndiyo sehemu ya mwisho ulikostahili kuaminiwa.

Sababu ni muziki wa Kongo. Kwa zaidi ya nusu karne watu wa Dar es Salaam, Nairobi, Mombasa na Kampala wamecheza nyimbo za Kilingala kwenye kumbi, kwenye harusi na kando ya redio. Mwaka 1985 Franco na TPOK Jazz walitoa Mario, wimbo wa kijana anayelelewa na mwanamke mwenye fedha zake, na hadi leo ukipigwa sherehe inasimama: wazee wanaimba, vijana wanaimba, na anayekosea anakosea kwa sauti ya juu. Mtihani wa kujifunza lugha kwa masikio haujawahi kuwa na watahiniwa wengi kiasi hicho, wala wenye bidii kiasi hicho. Matokeo yanajulikana. Wengi wa waimbaji hao hawawezi kuomba maji ya kunywa kwa Kilingala. Mavuno ya wimbo ule katika Kiswahili cha Tanzania ni neno moja, marioo. Ikumbukwe kuwa Kilingala ni lugha ya Kibantu, ndugu wa Kiswahili, yenye irabu ambazo haziusumbui ulimi wa Mswahili. Kama ndugu ameshindwa kuingia kwa mlango huo, Kifaransa kitapitaje? Ya nyimbo za filamu za Kihindi, zilizoimbwa pwani kwa vizazi, hayahitaji kuelezwa.

Ushahidi mwingine uko Kongo kwenyewe. Bukavu, Goma na Lubumbashi Kifaransa kipo redioni, ofisini, kwenye mabango na kwenye nyimbo, ilhali mitaani na sokoni watu huzungumza Kiswahili. Anayekimudu Kifaransa huko, kwa kawaida, ni aliyekaa darasani: alikisoma tangu shule ya msingi, akakiandikia insha, akakifanyia Examen d'État mwishoni mwa sekondari. Aliyekatishwa masomo mapema amezungukwa na sauti zile zile na nyimbo zile zile, na mara nyingi amebaki na salamu, hesabu na majina ya vitu vya dukani.

Watetezi wa imani hii wakibanwa hukimbilia sayansi. Humtaja Stephen Krashen, mwanaisimu wa Marekani aliyevuma miaka ya 1980, aliyefundisha kwamba lugha hupatikana kwa kupokea maneno mengi na si kwa kukariri kanuni. Kweli alifundisha hivyo, ila aliweka sharti: maneno hayo yaeleweke, yazidi kidogo tu uwezo alionao msikilizaji. Kwa anayeanza, wimbo wa Kifaransa haueleweki kabisa. Sharti limeachwa njiani, imebaki ruhusa ya kujilaza na simu. Mfano wa mtoto nao una kasoro hiyo hiyo. Mama anaposema "shika kijiko" kijiko kipo mkononi mwake, mtoto akikosea anarekebishwa, na kazi hiyo inaendelea kutwa nzima kwa miaka. Redio haimrekebishi mtu.

Utafiti unaonukuliwa zaidi ni wa Karen Ludke na wenzake wa Edinburgh, uliochapishwa mwaka 2014. Watu wazima 60 walifundishwa maneno ya Kihungaria kwa dakika 15. Baadhi waliyarudia kwa kusema, baadhi kwa kusema kwa mdundo, baadhi kwa kuimba. Walioimba walifanya vizuri zaidi kwa jumla. Habari hiyo imesambaa kama uthibitisho kwamba nyimbo hufundisha lugha, na hapo ndipo ilipopotoshwa. Washiriki walipewa kila fungu la maneno pamoja na maana yake kwa Kiingereza, mafungu yenyewe yalikuwa mafupi, na waliyarudia kwa vinywa vyao. Hakuna aliyeachwa asikilize tu. Utafiti huo unaunga mkono kuimba kile ambacho mtu ameshaelezwa, jambo lililo mbali sana na kusinzia na visikilizio masikioni.

Kifaransa kina ugumu wa ziada, kwa sababu kinavyoimbwa sivyo kinavyosemwa. Herufi e ya mwisho wa neno, ambayo katika mazungumzo ya kawaida humezwa, katika wimbo hufufuka na kupewa noti yake. Wimbo wa watoto Frère Jacques unajulikana dunia nzima: kila neno katika hayo mawili huimbwa kwa silabi mbili, ilhali mtu wa Paris akimwita kaka yake hutamka silabi moja na kwenda zake. Katika Ne me quitte pas, wimbo wa mwaka 1959 wa Mbelgiji Jacques Brel, jina la wimbo lina silabi tano zinazosikika moja moja. Mitaani, mtu anayeomba asiachwe hutumia tatu, maana e ya quitte humezwa na kile kikanushi ne cha mwanzo hudondoshwa. Aliyejifunza kwa wimbo peke yake atazungumza kama anayesoma hotuba, na akijibiwa hatasikia kitu.

Halafu yapo yale ambayo sikio haliwezi kuyapata hata likae miaka. Parle, parles na parlent husikika sawasawa. Tofauti ya nafsi iko kwenye maandishi na kwenye neno linalotangulia. Jinsia ya nomino ndiyo mbaya zaidi. Neno linalopendwa kuliko yote katika nyimbo za Kifaransa ni l'amour, na kwa kuwa linaanza kwa irabu, le yake imekatwa ikabaki l', ambayo ingeandikwa vivyo hivyo hata kama neno lingekuwa la kike. Mtu anaweza kulisikia mara elfu na asijue kama ni la kiume. Mstari mmoja wa kamusi unamaliza suala hilo.

Watu wa pwani wanao mfano ulio wazi wa jambo hili. Mtoto wa chuoni huweza kuhifadhi Juzuu Amma yote kwa tajwidi safi, kila herufi ikitoka mahali pake, kabla hajaweza kuunga sentensi moja ya Kiarabu cha mazungumzo. Anayetaka kuelewa hupelekwa kwenye somo jingine, nahau na sarufi, lenye vitabu vyake na miaka yake. Walimu wa madrasa hawajawahi kuyachanganya masomo hayo mawili, wala kulidharau mojawapo. Wimbo wa Kifaransa uko upande wa tajwidi: unanyoosha ulimi, unazoesha pumzi, na unahifadhi vizuri kile kilichokwisha kueleweka.

Huduma hiyo ya ulimi si ndogo. Kiswahili kina irabu tano. Kifaransa kina zaidi ya mara mbili ya hizo, zikiwemo zinazopitia puani. Vin, vent na vont, yaani mvinyo, upepo na wanakwenda, katika masikio ya anayeanza ni neno moja. Katika mazungumzo hupita upesi mno, lakini mwimbaji akiishikilia noti ndefu juu ya irabu ya namna hiyo, msikilizaji anapata nafasi ya kuikamata na kuiiga. U ya tu na ou ya tout zinazoeshwa hivyo hivyo. Ndiyo kazi ya wimbo, na katika kazi hiyo hakuna kitabu kinachoushinda.

Kilichobaki ni kazi ya daftari, na inadai hesabu ya kweli. Wanadiplomasia wa Marekani hupewa saa za darasani kati ya 600 na 750 ili wakimudu Kifaransa kikazi, mbali na kazi za nyumbani. Nusu saa kila siku ni saa zisizofika 185 kwa mwaka. Anayeahidiwa kuongea baada ya miezi mitatu anadanganywa, hata kama miezi hiyo inamtosha kujitambulisha, kuuliza bei na kusoma tangazo. Kwa nini kila siku, badala ya saa tatu na nusu za Jumapili? Hermann Ebbinghaus wa Ujerumani alionyesha mwaka 1885, kwa kujipima mwenyewe, kwamba kilichokaririwa hupotea upesi sana katika saa na siku za mwanzo, na kwamba marudio yaliyogawanywa huokoa zaidi kuliko yaliyorundikwa.

Katika nusu saa hiyo Mswahili ana urithi ambao vitabu vilivyoandikiwa Waingereza havimwambii. Kupatanisha nomino na kivumishi si jambo geni kwa mtu aliyekua na kitabu kizuri na vitabu vizuri. Un petit livre na une petite maison ni ngeli mbili tu, tena chache mno kwa aliyezoea ngeli za Kiswahili. Je te vois, ambayo humtesa Mwingereza kwa sababu mtendwa anatangulia kitenzi, ina mpangilio ule ule wa ninakuona. Ne me quitte pas ni usiniache, na me imekaa panapokaa -ni-. Ugumu wa Kifaransa kwa Mswahili uko kwingine: kwenye maandishi yenye herufi zisizotamkwa, kwenye kuchagua avoir au être kwa jambo lililopita, na kwenye namba. Anayekwenda Lubumbashi kibiashara ajue pia kuwa sabini na tisini huko ni septante na nonante, urithi wa Wabelgiji, wakati vitabu vingi vinafundisha soixante-dix na quatre-vingt-dix za Ufaransa. Nyimbo za mapenzi hazihesabu mpaka tisini.

Wimbo uingie baada ya somo, kwa dakika kumi, na uingie na kalamu. Ubeti mmoja unatosha juma zima. Unasikilizwa kwanza bila maneno, na mwanafunzi anaandika anachosikia, kama imla. Mwanzoni daftari linajaa vitu kama "nemekitepa", na hilo si aibu. Kisha maneno halisi yanafunguliwa, yanawekwa sambamba, na kila mahali palipokosewa panatafutiwa sababu: e iliyofufuliwa, konsonanti iliyonyamaza, neno lisilojulikana, neno lililounganishwa na jirani yake kama les amis inavyosikika lezami. Ndipo ubeti unasemwa kwa sauti ya kawaida, na mwishoni kabisa unaimbwa. Wengi huanza na kuimba, ndiyo maana hubaki hapo.

Uchaguzi wa nyimbo nao una ngazi. Waimbaji wa zamani wenye matamshi ya taratibu, Brel akiwa mmojawao, wanafaa mwanzo, mradi ijulikane kuwa Édith Piaf alikuwa na r ya kutetemesha ambayo kijana wa leo haitumii. Papaoutai ya mwaka 2013, ya Stromae, Mbelgiji ambaye baba yake alikuwa Mnyarwanda, inafaa baadaye: jina lake ni swali, Papa, où t'es, lililoandikwa kama linavyosikika, na aliyesoma tu es analitambua mara moja, wakati ambaye hajasoma atapekua kamusi bure. Rap ya vitongoji vya Paris iachwe mwisho. Huko silabi hupinduliwa, femme ikawa meuf na fou ikawa ouf, na kamusi ya shule haina msaada. Itabidi kuuliza watu.