Msiwajengee Ngazi kwa Pesa Zao

Mtu akipooza miguu Kibokoni, Mji wa Kale wa Mombasa, kutoka nje kunataka vijana wawili: mmoja ambebe mgongoni kwenye ngazi nyembamba, mwingine ateremke na kiti cha magurudumu. Vijana wakiwa kazini, sala ya Ijumaa inampita akisikiliza hotuba ya msikitini dirishani.

Nyumba za Mji wa Kale zilijengwa hivyo zamani, na mtaa wenyewe uko chini ya hifadhi. Huwezi kuvunja kuta ovyo uweke lifti. Hilo nalielewa. Nisilolielewa wala kulisamehe ni jengo jipya, juu ya ardhi ya umma, kumfungia nje mtu huyo huyo.

Kisiwa cha Mombasa kimejaa. Asiyeweza kupanda ngazi na asiyetaka kuhamishwa mbali na ndugu zake na msikiti wake, tegemeo lake ni ardhi ya nyumba za iliyokuwa manispaa: Buxton, Tudor, Mzizima. Buxton ya zamani ilishabomolewa, maghorofa yakasimama. Kila mtaa utakaofuata ukijengwa vibaya, kosa hilo litakaa miaka hamsini.

Na haki hii haiombwi kwa kunyoosha mkono. Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 43, inampa kila mtu makazi yanayofikika. Cha 54 kinamtaja mlemavu waziwazi. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2003 ilishawataka wenye majengo ya umma wayarekebishe, ikawapa na muda wa miaka mitano. Miaka mitano! Tangu hapo tumeshatunga sheria nyingine, ya 2025, na watu bado wanabebwa. Wakati huohuo ushuru wa nyumba, asilimia 1.5 ya mshahara, unakatwa kwa mwajiriwa anayetembea kwa magongo sawa na kwa mwenzake asiye na ulemavu.

Tutaambiwa mlemavu atapewa nyumba ya ghorofa ya chini. Chini kwenyewe mara nyingi ni maduka. Na hata akipewa, kiti chenye upana wa sentimita 65 kitapitaje mlango wa choo wa sentimita 60? Atajiburura sakafuni, mtu mzima, mbele ya wanawe? Mteremko nao una hesabu yake: kwa kipimo cha moja kwa kumi na mbili, kupanda nusu mita kunataka urefu wa mita sita. Nafasi hiyo isipoachwa kwenye mchoro, zege likishamwagwa haipatikani tena. Lifti peke yake haitoshi pia. Agosti 2023 umeme ulikatika karibu nchi nzima. Lifti isiyo na jenereta siku kama hiyo inamfanya mpangaji wa ghorofa ya saba kuwa mfungwa.

Mheshimiwa Gavana wa Mombasa, Abdulswamad Nassir, kabla mchoro wowote wa nyumba za umma kisiwani haujapigwa muhuri, waite wanaotumia viti vya magurudumu na magongo. Wapime milango, mteremko, choo na lifti. Wakikataa kutia sahihi, mkandarasi asipewe hata mfuko mmoja wa saruji.