Kabla ya cherehani, mtafute fundi wake

NJIAPANDA
Na Zaituni Kabogoye

Wiki mbili zilizopita binti wa kaka yangu aliingia uani kwangu, hapa Mwandiga, amekumbatia boksi kama mtu aliyebeba kuku wa sadaka. "Shikamoo shangazi." Marahaba haijanitoka vizuri, boksi limeshafunguliwa mkekani. Ndani mlikuwa na kicherehani cheupe chenye ubavu wa zambarau, kidogo kiasi cha kuingia kwenye kapu la dagaa na nafasi ikabaki. Alikinunua Kigoma mjini kwa shilingi elfu sabini, fedha za maandazi anayouza asubuhi pale stendi.

"Sasa na mimi ni fundi," akasema.

Tukakijaribu. Kwenye kipande cha khanga kilikwenda kama maji. Kwenye kitenge kilichokunjwa mara mbili kililalamika kidogo, lakini kikapita. Halafu akaleta sketi ya shule ya mdogo wake, ile yenye marinda, iliyofumuka kiunoni. Pale marinda yanapopandana na mkanda wa kiuno, kitambaa kinakuwa tabaka sita. Kicherehani kikatoa mlio wa mbuzi, sindano ikasimama katikati, taa ikafifia. Binti akanitazama. Mimi nikatazama kabati la ndani, kwa sababu nitakayoieleza mwishoni.

Simcheki. Swali alilokuja nalo wanalo wengi: mtu anataka kuanza kushona, fedha ni kidogo, aanze na kipi? Madukani vicherehani hivi vimejaa, na boksi lina picha ya mwanamke anayetabasamu na michoro ya mishono kumi na miwili. Jibu langu ni hili: usichague kwa bei, wala kwa hesabu ya mishono iliyochorwa kwenye boksi. Chagua kwa fundi. Kabla hujatoa fedha, mtafute mtu wa hapa hapa, wa kumfikia kwa miguu, ambaye kikigoma atakifungua, atakitengeneza na kukurudishia. Ukimkosa mtu huyo, rudi nyumbani na fedha yako.

Tuanze na jina lenyewe. Wenye kamusi hulihusisha neno cherehani na neno la Kiajemi "charkh", yaani gurudumu. Waliotupatia neno hilo waliona jambo la msingi: mashine hii, iwe ya chuma au ya plastiki, ni gurudumu linaloiambia sindano lini ishuke na lini ipande. Kipimo cha kwanza nitakachokupa leo kinaanzia kwenye gurudumu hilo lililo mkono wa kulia.

Vicherehani vidogo viko vya aina mbili, na wauzaji huvichanganya. Kuna kile cha kushika mkononi, mfano wa stepla ya ofisini. Hicho kinashona kwa uzi mmoja tu, mshono wa mnyororo. Vuta ncha ya mwisho na mshono wote unafumuka kama mkeka mbovu. Hicho kiache dukani. Kingine ni cha kuweka mezani, kama cha binti yetu. Hiki kina uzi wa juu na uzi wa chini, yaani kina bobini, na nyuzi hizo mbili zinafungana katikati ya kitambaa. Mshono wake ni wa kweli, wa aina ile ile anayoipiga fundi wa sokoni. Tofauti iko kwenye mwili. Ndani mna gia za plastiki na mota ndogo ya volti 6. Vingi vya bei ya chini kabisa havina namna ya kubadili urefu wa mshono wala kurudi nyuma, kwa hiyo mwisho wa mshono unafunga fundo kwa mkono. Na uwazi kati ya sindano na shina ni mwembamba: pazia au shuka zito halina pa kupita.

Sasa nenda barazani kwa mafundi wetu. Utakuta Butterfly nyeusi, ya kukanyaga kwa miguu, iliyotoka China na kuja kuoa Tanzania nzima. Ni chuma kitupu. Ukitaka kuihamisha, ita vijana wawili. Haijali umeme umekatika au umerudi, na hilo kwa Kigoma si jambo dogo: hadi mwaka 2022, mkoa ulipoanza kuunganishwa na gridi ya Taifa, tulikuwa tunaishi kwa majenereta ya dizeli na kwa subira. Mkanda wake ukikatika unapata mwingine, na bisibisi moja inatosha kuifungua. Iliyokwishatumika, mara nyingi inauzwa mara tatu au nne ya kicherehani kipya, na hapo ndipo wengi wanapokimbia. Lakini hesabu yao inaishia siku ya kununua. Butterfly ya mama inarithiwa na binti, na ikishindikana inauzwa. Kicherehani cha plastiki kilichovunjika gia hakina mnunuzi.

Je, basi nasema kicherehani ni takataka? Hapana, na hapa natofautiana na mafundi wakongwe wanaokitemea mate. Binti anayepanga chumba kimoja, asiye na pa kuweka meza ya chuma, anakihitaji. Mama anayetaka kupinda khanga za nyumbani, kupunguza gauni au kutia kiraka kwenye shati la mtoto, kinamtosha. Sisi tulio karibu na Kibirizi na Ujiji tuna bahati zaidi: vitenge vinavyovuka ziwa kutoka Kongo vingi ni pamba, na pamba ya tabaka mbili ndiyo chakula cha mashine hii. Mito, vilemba, mifuko ya sokoni, magauni ya watoto wadogo, vyote vinashonwa. Na mkono wa mwanafunzi unajifunza mambo matatu ya kwanza humo: kutunga uzi, kulinganisha mvuto wa nyuzi mbili, na kwenda mstari mnyofu. Anayeyajua hayo, akikaa kwenye Butterfly, atakachojifunza upya ni miguu tu.

Kisichowezekana ni kukifanya duka. Sare za shule za Januari, jinzi, kola za mashati ya ofisini, suti za harusi: hizo zitakiua kabla deni lako halijaisha.

Ukiamua kununua, usiende dukani mikono mitupu. Beba kipande cha kitenge, kipande cha kitambaa cha sare na uzi wako mwenyewe. Kwanza, kabla muuzaji hajachomeka waya, shika gurudumu na ulizungushe polepole kuelekea kwako. Daima kuelekea kwako. Ukilirudisha nyuma uzi unajikunja chini. Sindano ishuke na kupanda bila kukwama wala kugonga. Ukisikia mahali pazito kila mzunguko, kiache. Pili, shona tabaka mbili za kitenge, kisha nne. Geuza upande wa chini: kama uzi umelala mstari mmoja bila kujifunga, nyuzi zinavutana. Ukiona umetapakaa vitanzi chini, mwambie muuzaji alegeze au akaze uzi wa juu mbele yako. Akishindwa yeye anayeviuza, wewe utaweza vipi?

Tatu, chomoa sindano na bobini, uvitazame. Sindano za vyerehani vya nyumbani zina ubavu mmoja bapa kwenye shina. Zile za mashine za kiwandani ni za duara. Ikiwa yako ina ubavu bapa na inalingana na ile anayotumia fundi wa mtaani kwako, tatizo moja limekwisha. Namba nayo uijue: 11 kwa vitambaa vyepesi, 14 kwa kitenge, 16 kwa vizito. Wanaoanza huvunja sindano, halafu wanailaumu mashine, kumbe walishona sare kwa sindano ya lesi.

Nne, mafuta. Tone moja la mafuta ya cherehani kwenye vyuma vinavyosuguana, si zaidi. Nasema hivi kwa watu wa mkoa wa michikichi: mawese ni ya mboga. Nimemwona mtu akilainisha cherehani kwa mawese. Wiki ya kwanza kilikimbia. Mwezi wa pili mafuta yaliganda yakawa gundi, na fundi alikaa siku nzima anakwangua.

Tano, na hili lishikeni sana, umeme wake. Kicherehani kinakula volti 6, kutoka kwenye adapta yake au betri nne ndogo za volti 1.5. Betri zitakushonea kiraka. Zikitumika kwa kazi ya siku nzima utakuwa unalisha duka la betri. Na sola za majumbani kwetu nyingi ni za volti 12. Usiziunganishe moja kwa moja. Mashine itakimbia kama imepandwa na pepo, kisha itanuka, kisha basi.

Turudi kwenye fedha, maana ndizo zinazotupeleka kwenye plastiki. Mwaka 1856 kampuni ya Singer huko Marekani ilikutana na tatizo hili hili: mashine ilikuwa nzuri lakini mama wa kawaida hakuweza kuilipia kwa mkupuo. Edward Clark, mshirika wa Isaac Singer, akaanzisha utaratibu wa kutanguliza kiasi kidogo na kumalizia kidogo kidogo. Kilichoifikisha cherehani kwa maskini ni muda wa kulipa. Sisi muda huo tunao, unaitwa kikoba. Wanawake watano wa kikoba kimoja, badala ya kila mmoja kununua plastiki yake, wanaweza kununua Butterfly moja ya chuma, wakaiweka kwa mmoja wao na kupangiana siku. Halmashauri nazo zimepewa jukumu la kutoa asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kama mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Kikundi kikiomba fedha ya vyerehani, kamati isiulize bei tu, iulize nani atavitengeneza. Mikopo ya kausha damu msiisogelee. Mkopo wa kila wiki kwa mashine inayohitaji kupumzika kila inapopata joto, hapo mtakaokaushwa ni ninyi.

Mnakumbuka tulivyocheka wakati wa Tanzania ya viwanda, Waziri Charles Mwijage aliposema vyerehani vinne vinatosha kuitwa kiwanda? Kwa karatasi hakukosea. Sera ya viwanda vidogo ya mwaka 2003 inautambua mradi wa mtu mmoja hadi wanne kuwa kiwanda kidogo sana. Tulicheka kwa sababu tulijua kinachovisibu vyerehani vile. Nimeona vikundi vikikabidhiwa mashine mbele ya kamera, na baada ya mwaka mashine zinalala chini ya turubai zikisubiri kipuri cha shilingi elfu mbili. Vyerehani vinne bila fundi ni vyuma chakavu vinne. Kimoja kinachotengenezeka, naam, ni kiwanda.

Kwa hiyo nikamshika mkono binti wa kaka yangu, tukapanda hadi njiapanda, pale barabara zinapoachana, moja ikienda Manyovu na nyingine Kidahwe na Kasulu. Tukamwamkia mzee mmoja fundi, aliyekaa barazani na tepu shingoni. Alikigeuzageuza kicherehani, akazungusha gurudumu kwa kidole kimoja, akatabasamu.

"Mwanangu, hiki nikikifungua gia yake nitaipata wapi? Lakini sindano yake ninayo. Njoo asubuhi na vitenge vyako, ukalie mashine yangu ile ya pembeni. Hiki kibaki nyumbani cha kufanyia mazoezi usiku."

Sasa anakwenda kila siku akishamaliza maandazi. Sketi ya mdogo wake aliirekebisha huko, kwa miguu, mshono umenyooka kuliko wa kwangu.

Nami nilibaki na deni la ukweli. Jioni ile tulipotoka kwa fundi nilifungua kabati, nikatoa kifurushi kilichofungwa kwa khanga kuukuu. Ndani kicherehani pacha na chake, rangi ile ile. Nilikinunua miaka mitatu iliyopita bila kumuuliza mtu. Adapta yake ilipopotea nikachomeka ya king'amuzi, kwa kuwa tundu lilikubali. Volti 12. Kilishona nusu ya pindo kwa kasi ambayo sijawahi kuiona, kisha nyumba ikanuka moshi, nami nikakificha nisiulizwe.

Binti hakucheka. Alikifungua kwa bisibisi, akachomoa pedeli, bobini tatu, kifuniko na gia mbili ambazo hazikuwa zimeyeyuka, akazifunga kwenye kitambaa na kushukuru. Duka pekee la vipuri vya mashine yake hapa Mwandiga lilikuwa kabati langu, na mzigo umeshakwisha.