Tiketi za pomboo Kizimkazi ziwekewe ukomo

Tiketi za kuogelea na pomboo Kizimkazi, kusini mwa Unguja, zinapaswa kuuzwa kwa idadi maalumu ya boti na watu kwa siku, si kwa kila anayefika na fedha mkononi.

Pomboo hupumua hewa na kunyonyesha, hivyo anahitaji utulivu ili apumzike na kulea. Lakini kundi lao likionekana, boti hulikata mbele, wageni hujitosa, pomboo huzama, kisha injini huwashwa tena kulifukuzia. Watafiti wamebaini kuwa, boti zikiwepo, pomboo wa hapo hupunguza muda wa kupumzika na kula. Kwa sababu kama hiyo, mwaka 2021 Marekani ilipiga marufuku kuogelea na aina moja ya pomboo wa Hawaii.

Mgeni naye hatendewi haki. Hulipia safari angali kwao, au kwa papasi, yaani dalali wa wageni, ufukweni, bila kuelezwa boti ngapi zitakuwa majini wala masharti ya kumkaribia mnyama.

Riziki ya kijiji pia imo hatarini. Zamani wavuvi waliwawinda pomboo ili wawe chambo cha kuvulia papa. Tangu miaka ya 1990, pomboo hai ndiye anayeleta wageni. Akihama, nahodha wa boti na mpishi wa wageni watakosa kipato pamoja.

Wenye mamlaka watoe tiketi zenye namba, saa na jina la boti, wawafunze manahodha kabla msimu wa wageni haujaanza, na wawasimamishe wanaokiuka masharti.