Pikipiki ya umeme kwa oda zako: angalia mita kwanza, mafuta baadaye

Kila zikitajwa gari za umeme, komenti ni zile zile: "hizo za matajiri", "tutachajia wapi?", "kwa umeme huu unaokatika?" Huwa nacheka, ila naelewa. Mimi nauza viatu na mabegi mtandaoni hapa Tarime mjini. Gari sina wala sina mpango nalo. Lakini huu mjadala unanihusu, na wewe muuzaji mwenzangu unakuhusu, kwa sababu ndani ya kila oda tunayopeleka kuna mafuta. Ewura wakitangaza bei mpya Jumatano ya kwanza ya mwezi na ikawa imepanda, bodaboda wangu ananipigia jioni ile ile. Ikishuka hapigi.

Sasa tuko wauzaji watatu tunaochanga. Hela imefika ya kununua pikipiki moja ya mizigo, tuachane na kukodi kila siku. Mwenzetu mmoja anataka ya mafuta, mwingine anataka ya umeme, ambayo bei yake tuliyopewa iko juu kwa milioni na ushee. Imebaki kura yangu. Hela ile ni ya miezi kumi na nne ya kujinyima, kwa hiyo nimekaa na kalamu.

Kijana wetu wa mizigo anatembea kama kilomita 80 kwa siku, lita mbili hivi. Tuweke lita Sh3,000, ni Sh6,000. Pikipiki ya umeme kwa mwendo huo inakula uniti tatu mpaka nne. Kwenye mita yangu ya dukani, ile tarifu ya kawaida ya T1, Sh1,000 inanipa uniti 2.8. Kwa hiyo siku nzima haifiki hata Sh1,500. Ukizidisha kwa siku 26 za kazi, unabaki na zaidi ya laki moja kila mwezi. Ile milioni ya juu inarudi ndani ya mwaka. Mpaka hapo umeme umeshinda.

Ila hapa ndipo watu wanapopigwa. Mwenzetu anayetaka umeme alipanga tuchajie kwake nyumbani, kwa sababu mita yake ni ya D1 na Sh1,000 inampa uniti nane. Tamu kweli. Lakini D1 ni ya mtu asiyezidi uniti 75 kwa mwezi. Pikipiki peke yake, uniti tatu mara siku 26, ni 78. Hujawasha taa, hujapiga pasi. Ukivuka 75, kila uniti ya ziada ni Sh350 kabla ya kodi, kutoka Sh100. Yaani mtakuwa mmemharibia na umeme wa watoto wake. Ukisikia mtu anakupigia hesabu ya umeme wa bei rahisi, muulize kwanza mita ni ya nani.

La pili ni barabara. Tuliazimwa pikipiki ya umeme wiki moja tuijaribu. Mjini na kwenda Sirari ilikuwa raha, kimya, haina kubadilisha oili. Jumamosi nikapata oda ya Nyamwaga, raba mbili, mteja analipa akipokea. Usiku umeme ulikatika, betri ikaanza safari ikiwa nusu. Kijana akapiga simu yuko njiani, moja imebaki. "Dada, mashine haina shida, shida ni huu mlima." Alikaa kwenye nyumba ya mtu saa tatu akichaji. Mteja alishanunua raba nyingine gulioni, na sikumlaumu.

Pikipiki ya mafuta ikizima pale, unatembea hatua chache unakuta petroli kwenye chupa ya maji mezani kwa mama. Umeme hauuzwi kwenye chupa. Nairobi na Kigali wamelimaliza hili kwa vituo vya kubadilisha betri: unaacha iliyoisha, unachukua iliyojaa, unaondoka. Kampuni kama Ampersand na Spiro zimejengwa juu ya hilo. Na hapo ng'ambo tu ya Sirari, Kenya imeweka tangu 2023 bei maalumu ya umeme wa vyombo vya usafiri, Ksh16 kwa uniti na Ksh8 saa za usiku. Mimi huku nachaji kwa bei ile ile ya friji ya soda. Kama halmashauri zetu za Tarime na Serengeti zinataka vijana wapande umeme, zianze na kituo kimoja cha betri stendi ya Tarime na kingine Mugumu. Semina tumeshakaa nyingi.

Wanaosema Serengeti umeme hauwezekani nao wanakosea. Mwaka 2018 kampuni ya Mount Kilimanjaro Safari Club ilianza kutumia gari za watalii za umeme zinazochajiwa kwa sola. Imewezekana kwa sababu gari la watalii linajua linakozunguka na jioni linarudi kambini kwenye chaji. Oda zetu haziko hivyo. Leo Sirari, kesho mtu wa Nyamongo, keshokutwa Mugumu, karibu kilomita 90 za kwenda tu.

Kwa hiyo kura yangu nimewapa wenzangu jana: tununue ya umeme, lakini ibaki mjini na Sirari, ambako ndiko kuna oda saba katika kumi zetu. Chaji dukani kwangu, kwenye T1, kila mtu analipia kilomita zake na tunaandika kwenye daftari. Mzigo wa Nyamongo na Mugumu uendelee kupanda gari la abiria, mteja akalipie stendi. Na ile laki ya kila mwezi haigawanywi. Inawekwa kwa ajili ya betri, maana ndiyo kitu cha bei kubwa kwenye hiyo pikipiki na ipo siku itachoka.

Yule wa mafuta bado amenuna. Anasema nimenunua pikipiki ya kuzunguka stendi.

Wauzaji wa Mugumu, nyinyi mzigo wa kwenda vijijini mnatumaje na mnamtoza mteja shilingi ngapi? Wekeni hapo chini, tunapanga bei zetu wiki hii.