Kukumbuka Nako ni Kazi

Akina baba wa Kitale na Bungoma, nawasihi mnisikilize. Mkulima wa Trans Nzoia hangoji kukumbushwa kwamba mvua za Machi zinakuja. Tangu Februari anajua trekta la nani litamlimia, mbegu ya H614 ataipata duka gani, na mbolea ya ruzuku imefika bohari lipi. Mtu huyo huyo muulize mwanawe anavaa kiatu nambari ngapi, atakujibu, "Muulize mama yake." Kumbe kichwa anacho, mambo ya nyumba tu ndiyo hataki yakae humo.

Siku hizi wanaume wengi wema huteka maji, hupeleka mahindi posho mill, hata vyombo huosha. Lakini mpaka watumwe. Husema, "Niambie tu nifanye nini." Anayengoja kuambiwa amemwachia mwenzake upande mgumu wa kazi: kujua kwamba unga unaisha Alhamisi, kwamba chanjo ya surua hurudiwa mtoto akitimiza miezi 18, kwamba mwalimu ameagiza vifaa vya kesho, na kwamba nyanya, mama mzazi wa huyo huyo baba, ana kliniki ya presha. Kwa Wabukusu, Agosti ya mwaka unaogawika kwa mbili huja na tohara. Baba na wajomba wana yao ya ng'ombe na mila. Sufuria za kuazima, wageni na mahali pa kuwalaza, hayo yamo kichwani mwa nani?

Utafiti wa Shirika la Kitaifa la Takwimu (KNBS) wa mwaka 2021 ulionyesha kwamba wanawake wa Kenya hutumia takriban mara tano ya muda wa wanaume katika kazi za nyumbani na ulezi zisizolipwa. Kuwaza huku mikono ikipalilia, nako kutapimwa kwa saa gani? Sheria ya Mali ya Wanandoa ya 2013 inautaja usimamizi wa nyumba kuwa mchango, kama inavyoitaja kazi ya shamba. Hata hivyo, Januari 2023 Mahakama ya Juu iliamua kwamba mchango sharti uthibitishwe. Mama atathibitishaje kukumbuka, jambo lisilotoa risiti?

Mtasema baba naye hakeshi bure, ana mawazo ya karo. Ni kweli, wala siyadharau. Ila akishatuma pesa kwa M-Pesa yeye hupumua, na mama ndipo anapoanza kuzigawa. Nanyi akina mama, mkimwachia baba jambo, mwachieni kweli; msimsimamie mkihesabu makosa.

Basi, baba, chukua jambo moja zima. Ikiwa ni kliniki, kitabu cha mtoto kikae kwako, tarehe uijue wewe, nauli uitenge wewe, na ikisahaulika, wewe ndiwe uliyesahau. Anza muhula huu.